Mgonjwa akitoka wodini, bima inabaki wapi?

Wiki hii sitaandika kama kawaida. Jumamosi nilialikwa kuzungumza na kikundi cha watu wanaotunza wagonjwa nyumbani, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Nakuru, na kadhaa wakaniomba niyaweke maneno yale mahali wanaweza kuyasoma tena. Haya basi, karibu yote jinsi nilivyoyasema. Kanuni yetu haijabadilika: hapa hatutaji jina la mwanasiasa wala la chama. Tunafungua hoja, kura ni yako.

Hamjambo nyote. Asanteni kwa nafasi hii. Najua kuna watu hapa wamelipa jirani akae na mgonjwa ndio waweze kuja, kwa hivyo sitazunguka.

Kwenye mikutano ya siasa mtasikia sentensi mbili kuhusu bima ya afya. Mmoja anasimama juu ya gari anasema, "Sasa kila Mkenya ana bima, hakuna mtu atauza shamba kulipa hospitali." Wiki inayofuata mwingine anasimama pale pale anasema, "Hiyo bima ni hewa, mnakatwa pesa na hamtibiwi." Makofi yanapigwa siku zote mbili, tena na watu wale wale. Mimi nikiwasikiliza naona wote wawili wanaongea juu ya kitu kimoja tu, hospitali. Kitanda, upasuaji, dawa, bili ya kutokea getini. Hakuna anayeuliza mtu akishafika nyumbani, mkono mmoja hauinuki, mguu unaburuta, maneno hayatoki, nani analipia kazi ya kumrudisha alivyokuwa, au hata nusu ya alivyokuwa.

Kazi hiyo inaitwa tiba ya urekebishaji. Na hapa kuna shida ya lugha ambayo inatuumiza kuliko tunavyodhani. Ukisema "rihabu" Kenya, watu wanafikiria kijana aliyepelekwa kuachishwa pombe au dawa za kulevya. Hiyo nayo ni tiba na ni muhimu. Lakini mgombea akiulizwa, "Utafanya nini kuhusu rihabu?" anaanza kuhutubia pombe haramu dakika kumi, na swali lako limepotea hivyo. Sema wazi: fizio, yule wa kunyoosha viungo na kufundisha mtu kutembea. Mtaalamu wa tiba ya kazi, yule anayemfundisha mgonjwa tena kuvaa shati, kushika kijiko, kuingia chooni bila kuanguka. Na mtaalamu wa usemi, ambaye pia ndiye anayejua kama mgonjwa anaweza kumeza uji bila kukabwa. Hao ni watu watatu tofauti wenye mafunzo tofauti. Fizio wana sheria yao tangu 2014, wa tiba ya kazi tangu 2017, na kila kundi lina baraza linalotoa leseni. Mtu akija kwako nyumbani na chupa ya mafuta akisema yeye ni fizio, muulize leseni. Hakuna adabu mbaya hapo.

Sasa kwa nini iwe nyumbani? Mtu atasema hospitali zipo, si aende? Baada ya kiharusi, miezi ya kwanza ndiyo ubongo unajifunza upya kwa kasi. Haimaanishi mlango unafungwa baadaye, lakini unachopata kwa wiki mbili mwanzoni unaweza kukitafuta miezi baadaye. Na mwili haungoji nauli ipatikane. Kiungo kisichonyooshwa kinakakamaa. Mtu asiyegeuzwa kitandani anapata vidonda vya kulalia, na kidonda cha kulalia kikiingia usaha kinaweza kumrudisha wodini au kumuua.

Mjomba wangu alilazwa siku 11. Bima ililipa sehemu kubwa ya bili, na kwa hilo tulishukuru, sitaki kudanganya. Siku ya kutoka tulipewa karatasi imeandikwa fizio mara 3 kwa wiki. Kutoka kwake hadi hospitali yenye fizio ni zaidi ya kilomita 30, na kipande kizuri cha hiyo ni barabara ya vumbi. Mtu asiyeweza kukaa wima bila kushikwa huwezi kumpandisha boda, na kwa matatu kondakta anakuangalia tu. Alienda mara 4. Mkono ukakunjika, ukabaki umekunjika. Ile karatasi nilikuwa nayo mpaka juzi, ni karatasi nzuri kabisa, imepigwa muhuri.

Sasa tuangalie pesa, kwa sababu hapa ndipo wanasiasa wanatuchanganya.

NHIF ilianzishwa 1966. Sheria mpya ilipitishwa 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikachukua nafasi yake. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ukilipwa Sh30,000 unakatwa Sh825. Ukilipwa Sh100,000 ni Sh2,750, na zamani kwa NHIF juu kabisa ilikuwa Sh1,700. Ndiyo maana wafanyakazi wa ofisini wanalalamika kwa sauti kubwa. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, kisha anapangiwa kiwango ambacho hakiwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima. Hiyo ni Sh3,600 kwa mara moja. Kwa mama wa mboga hizo ni pesa za kupangia.

Pesa hizo ziko kwa mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unalipia huduma za zahanati na vituo vya afya, na huko mwananchi hatakiwi kulipa. Wa pili ndio unaolishwa na michango yetu, na unalipia mambo ya hospitali: kulazwa, upasuaji, kujifungua, kusafishwa figo, saratani. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na unaingia pia pale kiwango chako cha mfuko wa pili kikiisha.

Mkisikiliza vizuri, mifuko yote mitatu inalipa kituo chenye mkataba. Unaenda pale, unaweka kidole, kituo kinadai. Pesa inafuata jengo. Zahanati ya kijijini, ambayo ndiyo ya bure, ni nadra kuwa na fizio, kwa sababu kwa kawaida fizio anapatikana kuanzia hospitali ya kaunti ndogo kwenda juu. Na huyo wa hospitali akitoka nje ya geti kuja sebuleni kwako, tayari yuko nje ya jengo ambalo pesa inalifuata. Ndiyo maana wengi wenu hapa mnamlipa mkononi, jioni, baada ya kazi yake.

Na kuna jambo moja linanikera hapa. Mfumo wetu wa afya una ngazi 6. Ya 6 ni hospitali kubwa za kitaifa kama Kenyatta, ya Moi kule Eldoret. Ya 5 na ya 4 ni hospitali za kaunti. Ya 3 ni kituo cha afya, ya 2 zahanati. Ngazi ya 1 ni nini? Ngazi ya 1 ni jamii. Ni kwako, hapo kitandani kwa baba. Serikali yenyewe iliandika kwamba nyumba ni ngazi ya kwanza ya afya. Kwa hivyo tukiomba fizio alipwe akija nyumbani hatuombi kitu cha ajabu kutoka ng'ambo, tunaomba ngazi iliyo kwenye karatasi iwe na mtu.

Bima za kibinafsi? Nitapita haraka kwa sababu wachache hapa wanazo. Fungua kitabu chako cha bima, usisome ukurasa wa rangi, soma wa maandishi madogo. Tafuta neno fizio. Angalia kama iko ndani ya kikomo cha wagonjwa wa kutwa au ina kikomo chake, kama inahitaji barua ya daktari na idhini ya mapema, na kama "huduma ya nyumbani" imeandikwa kwenye orodha ya yasiyolipwa. Uliza kabla mgonjwa hajatoka, ukiwa bado na nguvu ya kugombana.

Hebu tupige hesabu. Hizi namba ni za mfano tu, weka zako. Tuseme teksi kwenda na kurudi ni Sh1,500, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 12. Ni safari 24, ni Sh36,000, na bado hujamlipa fizio, na yule anayemsindikiza mgonjwa amepoteza siku 24 za kazi. Sasa tuseme fizio anakuja nyumbani kwa Sh2,000 kila mara. Mara 24 ni Sh48,000, na hakuna aliyepoteza siku. Kwa familia, tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani. Lakini kwa hesabu za bima, ile ya teksi haionekani kabisa. Haiko kwenye kitabu chochote cha serikali. Iko kwenye kitabu cha chama chenu, pale mlipokopa.

Sasa nije kwa hoja za wale wanaopinga, maana wana hoja, na mkienda kuuliza maswali bila kuzijua mtanyamazishwa.

Hoja ya kwanza ni wizi. Watasema, "Huduma ya nyumbani haiwezi kukaguliwa, watu watadai pesa za ziara hewa." Hiyo si kisingizio tupu. Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo vingi kwa madai ya udanganyifu, na hivyo ni vituo vyenye ukuta na kibao. Fikiria nyumba. Lakini dawa ya wizi si kunyima kila mtu, ni kuweka masharti. Idadi ya ziara iwekwe. Mgonjwa apimwe upya baada ya muda. Kidole kinachowekwa hospitalini kiwekwe pia nyumbani. Ujerumani, daktari akiandika kwamba mgonjwa hawezi kufika kliniki, fizio anamfuata nyumbani na bima ya umma inalipa. Mtu mzima anachangia asilimia 10, na euro 10 kwa kila karatasi ya daktari. Ni nchi tajiri, najua, mtasema tunajilinganisha na nani. Natoa mfano wa masharti tu, ya kwamba yanawezekana kuandikwa.

Hoja ya pili ni kwamba wataalamu hawatoshi. Ni kweli, tena wengi wako mijini. Lakini mtu akisema hivyo muulize swali la pili: kaunti yetu imeajiri fizio wangapi miaka mitatu iliyopita? Kwa sababu kuna vijana waliohitimu wanauza nguo za mitumba. Uhaba wa watu waliosoma na uhaba wa nafasi za ajira si kitu kimoja, na mwanasiasa hupenda kuvichanganya. Halafu tuna wahudumu wa afya ya jamii, wale wa mabegi, waliozinduliwa Septemba 2023, zaidi ya laki moja nchi nzima, posho yao Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hao wanaweza kufundishwa kuangalia kama mgonjwa anageuzwa, kama mazoezi yanafanywa, kama kidonda kimeanza. Kuchukua kazi ya fizio hawawezi, na mtu akiwaahidi hivyo anatafuta bei rahisi tu.

Hoja ya tatu ndiyo naichukia, na huwa haisemwi kwa sauti. Ni kwamba mzee huyu hawezi kupona, kwa nini tutumie pesa. Marekani walifikishana mahakamani kwa jambo hili. Bima yao ya wazee, Medicare, watu walikuwa wanakatiwa tiba kwa sababu eti hawaonyeshi nafuu. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka wa 2013, kwamba kigezo si kama mgonjwa atapata nafuu, ni kama anahitaji huduma ya kitaalamu, hata kama ni ya kumzuia asizidi kuharibika. Kumbukeni hiyo tofauti. Mtu anayebaki anaweza kujigeuza kitandani mwenyewe hajapona, lakini kuna binti mahali ambaye ameweza kurudi kazini.

Maana hoja ya nne ni kwamba hiyo ni kazi ya familia. Sawa. Familia ni nani? Angalieni hii hesabu ya viti hapa ukumbini. Nimehesabu wanaume 6, pamoja na mimi na mchungaji.

(Hapo watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha.)

Sasa, ni nani wa kuuliza? Hapa kuna mpira unapigwa huku na kule kwa miaka. Ukimwuliza gavana anasema bima ni ya serikali kuu. Ukimwuliza mbunge anasema afya imegatuliwa, uliza kaunti. Wote wawili wanasema nusu ya ukweli. Katiba, Jedwali la Nne, imewapa kaunti hospitali na zahanati za kaunti, na serikali kuu ikabaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Kwa hivyo kuajiri fizio na kumpa pikipiki au gari la kuzunguka wadi, hilo ni swali la gavana na la wajumbe wa bunge la kaunti. Bima ilipe ziara hiyo au isilipe, hilo ni swali la wanaotaka kwenda Nairobi.

Na msikubali mtu awaambie, "Tutabadilisha sheria." Sheria inachukua miaka. Kile kinacholipiwa na bei yake viko kwenye orodha ya viwango vya malipo, ambayo Waziri wa Afya huitangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Orodha si sheria ya bunge, inaweza kufanyiwa marekebisho bila kurudi bungeni kuanza upya. Kwa hivyo swali zuri ni fupi: "Utasukuma ziara ya fizio nyumbani iingie kwenye orodha ya viwango, ndio au la? Mara ngapi kwa mgonjwa?" Akianza kueleza historia ya uhuru, rudia swali.

Wakisema pesa hakuna, hapo mnayo Katiba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachofikika. Wengi wanakijua hicho. Wachache wanajua kifungu cha 20(5): serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki hiyo, ni jukumu la serikali kuonyesha kwamba hazipo. Yaani si wewe mwananchi unayetakiwa kuthibitisha pesa ziko wapi, ni wao waonyeshe hesabu. Sisemi ukitaja hicho kifungu fizio atatokea kesho. Nasema mazungumzo yanabadilika.

Na msingoje mikutano ya kampeni. Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla na baada ya hapo kuna vikao vya kukusanya maoni ya umma. Vikao hivyo huwa na watu wachache, soda, na wazee wanaozungumzia barabara. Watu kumi wakienda wakisema kitu kimoja, kinaandikwa. Pelekeni kwa maandishi na mbaki na nakala yenye muhuri.

Nilipomaliza, maswali yalikuwa mengi, nitaweka moja. Mama mmoja alisema mtoto wake ana mtindio wa ubongo, ana miaka 7, na hii habari ya ziara 24 inamsaidia nini yeye, kwa sababu mtoto wake hajatoka wodini, hajawahi hata kulazwa. Nikamwambia ukweli, kwamba mfano wangu ulikuwa wa kiharusi na haumtoshi. Mtoto kama huyo anahitaji fizio na tiba ya kazi kwa miaka, mwili ukiwa unakua, na mpango wowote unaohesabu ziara kwa mwaka mmoja utamwacha nje. Nikamwuliza kama amemsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Alikuwa bado. Bila usajili huo ni vigumu hata kuomba ile Sh2,000 ya kila mwezi ya Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, ambayo nayo haitoshi tiba lakini inatosha nauli kadhaa. Kisha mama aliyekaa nyuma yake akasema yeye alisajili wa kwake, anajua ofisi na siku daktari wa tathmini anakuja, na wakaandikiana namba za simu wakati mimi naendelea kuongea.

Uzi ujao nitaeleza upande wa vifaa: viti vya magurudumu, magongo, fremu za kutembelea, na kwa nini kiti cha msaada kinachotolewa mbele ya kamera mara nyingi hakimtoshi aliyepewa. Kama una swali la kumwuliza mgombea kuhusu hilo, liache hapa chini, bila jina la mtu.